Kwa Mujibu wa Kifungu

Ijumaa, 7 Novemba

Kesho ndiyo kesho. Binti yangu kasema niandike kila siku, hata mistari miwili, eti anayeandika ndiye anayesoma upesi. Ana miaka kumi na tano na anajua kila kitu. Basi naandika. Daftari lenyewe ni la kazini, lina safu za mashuka, foronya, taulo. Halina kazi tena. Mwisho wa mwezi chumba cha kufulia kinafungwa na nguo zote za hospitali zinapelekwa kwa kampuni yenye mashine. Tulikuwa tisa, tumebaki wawili – mimi na Pasi.

Tangazo liko wazi. Atakayefaulu mtihani wa ufahamu anahamia wodini, anakuwa mhudumu. Asiyefaulu anashukuriwa kwa utumishi wake. Shukrani hazipikiki!

Maswali arobaini. Kufaulu ni asilimia sabini, yaani ishirini na nane. Mtihani hufanyika kila mwaka kwa mtumishi yeyote anayetaka kubadili kazi, ule ule kwa hospitali zote, siku moja, muda saa moja na nusu. Mimi kusoma najua, ila nasoma polepole. Katika mazoezi yote niliyofanya na binti yangu sijamaliza hata mara moja. Kengele ya saa yake inalia, mimi bado niko kifungu cha tatu cha kusoma, nahangaika na habari za nyuki.

Pasi ananiambia nisihofu. Yeye hahofu kitu. Jina lake la kuzaliwa nadhani hata yeye kalisahau, ila aproni akishaigusa inanyooka.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemaliza! NIMEMALIZA! Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Dakika nne zilibaki! Sijawahi kubakiza hata moja!

Sababu – kifungu cha tatu. Nimekifunua, mstari wa kwanza: "Dobi wa hospitali ana kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri." Nikasema, ewe Mola, umenikumbuka leo. Maswali kumi mazima juu ya kazi niliyoifanya miaka kumi na sita. Kifungu chenyewe sikukisoma. Ya nini? Nikaruka moja kwa moja kwenye maswali, nikayafyeka kama majani. Muda niliouokoa nikaupeleka kwenye vifungu vingine.

Profesa anaita watu ngazini walinganishe majibu. Naenda.

Jumamosi, jioni

Laiti ningekwenda nyumbani.

Profesa ni mlinzi wa getini. Mtihani huu kaufanya mara nne, na kila mwaka baada ya mtihani anafungua mahakama yake pale kwenye ngazi. Hana majibu sahihi, hakuna aliye nayo. Anachofanya ni kupiga kura. Anataja swali, watu wananyoosha mikono kwa herufi, herufi yenye mikono mingi ndiyo jibu. Mpishi akamwambia, Profesa, ukweli haupigiwi kura. Akajibiwa kwamba hata yeye mpishi chumvi anaonja kwa ulimi wa watu. Tukacheka. Nilicheka na mimi, maskini.

Vifungu viwili vya mwanzo sikuwa vibaya. Sehemu kubwa niliangukia upande wa wengi. Tukafika kwenye dobi. Nikasogea mbele, nikajishika kiuno – najiona hata sasa, aibu! – nikasema maswali haya msipige kura, niulizeni mimi.

Profesa: swali la ishirini na tatu, shuka lenye damu hulowekwa kwenye maji gani?

"Baridi!" nikasema. Peke yangu.

Kisha yule karani wa mapokezi, msichana mwenye miwani, akaniambia kwa sauti ya kubembeleza, "Moto, mama. Kifungu kinasema maji moto."

Nikawasomea somo. Nikawaambia damu ikikutana na maji moto inaiva, inashika kwenye uzi, na shuka hilo hata ulisugue mpaka kucha zikung'oke litabaki na ramani ya kahawia. Maji baridi, nusu saa, unamwaga, unaweka mengine, ndipo sabuni. Nadhani niliongea dakika kumi. Walinisikiliza kwa heshima sana, kama mtu anavyosikilizwa msibani.

Nilipomaliza karani akanisomea kifungu kutoka kichwani mwake. Anakumbuka kila kitu, Mungu kampa. Dobi mwangalifu huloweka shuka lenye damu katika maji moto kwa dakika tano, pamoja na sabuni. Wanaotumia maji baridi hufanya hivyo kwa uvivu wa kuwasha moto. Na juu ya maswali, anasema, iliandikwa kwa herufi nzito: Jibu kwa mujibu wa kifungu.

Kulikuwa na swali kabisa – kwa mujibu wa mwandishi, wanaotumia maji baridi ni watu gani? Wavivu, waangalifu, wazoefu au maskini. Mimi niliandika wazoefu. Nilitabasamu nikiandika!

Nikamgeukia Pasi. Waambie, nikamwambia, wewe si uko nami miaka yote hii, waambie damu inafuliwaje. Pasi anaangalia viatu vyake.

"Niliandika moto, shoga."

"Moto? Wewe?"

"Nilijua ni uongo. Lakini waliuliza kifungu kinasemaje. Mimi hawakuniuliza."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Maswali manne yameliwa na maji moto: maji gani, muda gani, sabuni lini, na hilo la wavivu. Sita mengine ya kifungu hicho Profesa ananipa, yalikuwa ya glavu na vikapu, hapo mwandishi hakukosea. Nimejumlisha kila namna. Sifiki.

Jumapili, 9 Novemba

Binti kauliza vipi. Nimesema vizuri, nimemaliza kabla ya muda. Hapo sikudanganya.

Amenitengenezea ratiba ya zamu za wodini kwa kalamu za rangi – asubuhi kijani, mchana nyekundu – ili tujue siku gani nani anachota maji. Ameibandika ukutani juu ya jiko. Sikuweza kumaliza chai.

Jumatatu, 10 Novemba

Ukitaka kununa na mtu usifanye naye kazi ya kukunja mashuka. Huyu anashika ncha huku, yule kule, mnavuta, mnakutana katikati, vidole vinagusana, mnaachana, mnakutana tena. Leo mashuka mia na hamsini. Mara mia na arobaini nimekutana uso kwa uso na Pasi bila neno.

Shuka la mia na arobaini na moja akasema, akiwa ncha ya kule, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Wanaotumia maji baridi ni wavivu."

Nilijizuia. Sikuweza. Tulicheka mpaka tukakaa chini, shuka likatuangukia kichwani, muuguzi wa wodi ya wazazi akapita na kutuuliza kama tumepandwa na wazimu. Wavivu! Mimi na yeye, migongo hii! Pasi akasema huyo mwandishi hajawahi kufua hata leso yake. Kisha akaacha kucheka, akaniambia lazima nitakuwa nimepita, watu hukosea kuhesabu. Anasema hivyo kwa kuwa ananipenda. Yeye ana mapacha wanaoanza shule mwakani na mume ambaye tangu alipoanguka kazini anashinda kitandani akitazama dari. Hana muda wa kunisikitikia na bado ananisikitikia.

Jumatano, 12 Novemba

Hakuna kitu. Damu nyingi leo, ajali. Mabeseni sita ya maji baridi. Niliyatazama.

Ijumaa, 14 Novemba

Yamebandikwa.

Karani: 37. Mpishi: 30. Pasi: 28. Mimi: 26. Profesa: 19, akasema afadhali mwaka jana alipata 17, anapanda.

Ishirini na sita! Ningepata kumi na tano ningelala. Ishirini na sita ni mtu amefika mlangoni, akafungiwa vidole.

Pasi alisoma namba yake akasoma na yangu, akalia kwa kwikwi mbele ya watu. Ikabidi mimi niliyeanguka nimbembeleze aliyefaulu. Nampiga piga mgongoni, namwambia hongera, shoga yangu, hongera, na ndani yangu kuna mtu anayesema kidogo kidogo, ishirini na nane yako ina maji moto ndani yake. Sijipendi leo.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemwambia binti. Nilitaka alie au anigombeze. Aliniuliza alama ngapi, nikamwambia, akasema, "Sawa, mama." Akapanda kwenye kiti, akaibandua ratiba taratibu ili rangi ya ukuta isitoke, akaikunja mara nne. Kisha akaenda kuchota maji. Haikuwa zamu yake.

Miaka kumi na sita. Najua kutoa madoa ya damu, iodini, kutu, dawa ya zambarau. Nitakwenda kumwambia nani? Kampuni ina mashine na vijana wa kuzibonyeza. Nimeuliza, wanataka watu wasiozidi miaka thelathini. Sina mbele, sina nyuma.

Jumatatu, 17 Novemba

Matroni kaniita ofisini. Nilidhani ni mambo ya kukabidhi funguo. Kumbe kasikia kisa, mpishi hana breki mdomoni.

Akafunga mlango. Akasema tangu akiwa mwanafunzi anajua damu ni maji baridi, na kifungu kile ni cha aibu. Nikasubiri. Akasema yeye yuko kwenye kamati ya mitihani, hawezi kuandika chochote. Lakini rufaa ipo. Ndani ya siku tano za kazi tangu matokeo, mwisho Ijumaa hii. Barua iseme kifungu kina kosa, na isainiwe na watu wawili wanaoifanya kazi hiyo hapa hospitalini.

Nikauliza, watu wawili?

Akasema ndiyo, wewe na mwingine.

Tulikuwa tisa.

Nikamuuliza kuna rufaa iliyowahi kukubaliwa? Akapanga kalamu zake mezani. Akasema kwa miaka aliyokaa yeye, bado. Lakini asiyeuliza hanyimwi. Nadhani alikosea msemo, au kausema hivyo kwa makusudi.

Jumanne, 18 Novemba

Binti kaiandika barua kwa mwandiko wake mzuri, mimi namtajia. Aya tatu. Ya kwanza nani mimi. Ya pili damu na maji. Ya tatu tunaomba maswali manne yaliyotokana na kosa hilo yafutwe na alama zihesabiwe upya kwa watahiniwa wote. Hayo maneno ya mwisho ni ya fomu, Matroni kaniambia lazima yawepo.

Binti ameanza kuimba tena akifagia. Naogopa kuimba kwake kuliko ukimya wake.

Baadaye nikaipitisha getini kwa Profesa, aone kama imekaa sawa. Nilitaka sifa tu, kusema kweli. Akaisoma akaguna. Akachukua kipande cha boksi, akaanza hesabu. Yakifutwa manne, maswali yanabaki thelathini na sita. Asilimia sabini ya hapo ni ishirini na tano na kitu, tuseme ishirini na sita. "Mama Sabuni, wewe yale manne uliyakosa, hupotezi hata moja. Una ishirini na sita zako. Umepita!"

Nilimshika mkono. Nadhani nilimbusu hata kofia.

Halafu kalamu yake haikusimama. Karani atabaki juu. Mpishi sijui, aliwahi kusema moja ya hayo alikosa, basi kabaki juu. "Na mwenzako..." akasema. Akaandika ishirini na nane. Akatoa manne. Akageuza boksi upande wa pili, kama vile nisingeweza kutoa manne kwenye ishirini na nane mimi mwenyewe.

Ishirini na nne. Pasi anaanguka.

Profesa akasema yeye hajahesabu kitu, kazi yake ni geti.

Jumatano, 19 Novemba

Sikumwambia.

Asubuhi alinipa nusu ya mkate wake akasema nile, nimekonda. Nikala.

Nimepiga hesabu upya labda Profesa kakosea, alipata kumi na tisa huyo. Hakukosea. Hii ndiyo hesabu pekee aliyopata maishani mwake.

Nisipopeleka, mimi niko nje na Pasi ndani. Nikipeleka ikakataliwa, kama zote zilivyokataliwa, mimi niko nje, Pasi ndani, na kati yetu kuna barua. Ikikubaliwa – mimi ndani, na mume wake atazame dari akiwa na njaa. Hakuna mlango hapa ambao ukiufungua unapata hewa.

Na hasira! Nina hasira na huyo mwandishi wa kifungu, popote alipo, nguo zake anafuliwa na nani? Nina hasira na Pasi aliyejua na kuandika uongo. Na mimi niliyeandika kweli kwenye mtihani ambao haukuitaka. Mtu aliyekisoma kifungu ni yeye, mimi sikukisoma. Huo ni mtihani wa kusoma. Kwa haki yake, Pasi kapita na mimi nimeanguka. Hili nimeliandika ili nilione. Sasa nimeliona.

Halafu binti kauliza, "Mama, ameshasaini?"

Nikasema kesho.

Alhamisi, 20 Novemba

Naandika kazini, nimekalia kikapu nilichokigeuza. Saa nane na nusu. Kesho saa sita mchana dirisha la rufaa linafungwa.

Asubuhi yote tumefua bila haraka, hakuna nguo nyingi, kampuni imeshaanza kuchukua za wodi ya wanaume. Barua ilikuwa kifuani mwangu, inalowa jasho. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikaomba kibano. Mara ya pili nikasema mvua haitanyesha. Mara ya tatu Pasi mwenyewe akasema, shoga, una nini, unanizunguka kama nzi, sema.

Nikasema, Matroni kaniambia naweza kukata rufaa. Kuhusu maji moto. Inatakiwa saini ya mtu wa kazi hii.

Hakuniacha hata nimalize. "Lete!" akasema. "Lete kalamu! Siku zote hizi unakaa nalo tu? Wewe mwanamke!" Akakausha mikono kwenye aproni, pande zote mbili, akanipokonya barua. Uso wake umewaka furaha kabisa. Akasema tutakuwa sote wodini, mimi na wewe, mgonjwa akitandikiwa na sisi, shuka halitakuwa na mkunjo hata mmoja.

Hapo ndipo ningesema. Ulimi ulikuwa mdomoni, haujakatwa.

Nilisema: soma kwanza.

Akasema asome nini, damu na maji baridi, hilo halihitaji kusomwa. Akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi, akainama kusaini. Nikasema tena, na sauti haikuwa yangu, soma kwanza, Pasi. Isome yote.

Akanitazama. Akavuta kigoda akakaa.

Anasoma. Anasoma anavyosoma yeye siku zote, kila neno, hasukumwi na mtu. Kidole kiko kwenye mstari. Aya ya kwanza imemfanya atabasamu, nadhani ni pale binti alipoandika "dobi mwandamizi". Ya pili anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndivyo. Huko nje kijana wa kampuni anapiga honi, anataka mizigo yake. Hakuna anayenyanyuka.

Yuko aya ya tatu. Mistari minne tu, na anaisoma kwa muda kuliko zile mbili. Kidole kimefika kwenye "watahiniwa wote". Kimerudi nyuma, kwenye "manne". Midomo yake inahesabu.

Honi tena. Kalamu iko mkononi mwake, ameishika kwa ncha ya nyuma. Hajainua kichwa. Mimi naandika, naandika tu, ili atakapoinua asinikute namtazama.